Shajara ya mradi: kuwaleta vijana kwenye ndege za modeli

Klabu yetu ya ndege za modeli, zile ndogo za kuongozwa kwa rimoti, ina wanachama 11. Mdogo kuliko wote ana miaka 43, na bado tunamwita kijana. Mwaka jana tuliondokewa na wawili, rimoti zao zikabaki kabatini bila wa kuzishika. Hapo ndipo lilipoanza swali la nani atarusha ndege hizi miaka 15 ijayo.

Naandika kila hatua inapokamilika, ili klabu nyingine ikitaka kuiga isijikwae kwenye kisiki kilekile. Gharama nimezihesabu kwa saa za kazi na kwa vitu vilivyotumika au kuvunjika, maana bei hazifanani popote.

Jumamosi, 11 Januari. Siku ya maonyesho (imeshindikana)

Tulifanya kile ambacho kila klabu hufanya. Tukaalika watoto wa miaka 10 hadi 16, tukafunga kamba kuzunguka uwanja, tukaleta ndege zetu nzuri kuliko zote. Mmoja wetu alirusha ndege yenye mabawa ya mita mbili na nusu aliyoijenga kwa miezi 14. Mwingine alipindua yake angani mpaka wazazi wakashika vifua. Watoto 34 walikuja. Walipiga makofi.

Wakasimama nyuma ya kamba saa mbili nzima.

Nilikuwa karibu na kamba, nikasikia swali moja likirudiwa kwa sauti tofauti: "Anko, naweza kushika?" Jibu letu likawa hapana, na lilikuwa jibu sahihi, kwa sababu propela ya ukubwa ule hukata kidole. Mwisho wa siku 19 waliandika majina kwamba wanataka kujiunga. Tukajipongeza.

Jumamosi iliyofuata walikuja wawili.

Gharama: kama saa 60 za maandalizi tukijumlisha watu wote, na mguu mmoja wa magurudumu uliong'oka kwenye kutua kwa madaha.

Jumamosi, 25 Januari. Kikao cha kujilaumu

Mzee wetu mmoja alisema watoto wa siku hizi hawana subira, simu zimewaharibu. Nikamuuliza yeye mwenyewe alianzaje. Akasema alipewa ndege ya karatasi na kaka yake, akaitupa, ikaanguka, akaikunja upya. Alikuwa na miaka saba. Hakuna aliyemfungia kamba.

Tukaweka kanuni moja tu: mtoto akifika, ndani ya dakika 30 awe ametupa hewani kitu alichokikata kwa mkono wake. Si kuangalia wala kusikiliza maelezo ya jinsi bawa linavyobeba. Atupe kwanza.

Swali likawa, kitu gani? Tulipima njia nne. Ndege zinazosukumwa na mpira uliosokotwa, za kununua zikiwa tayari: zinaruka, lakini hazimfundishi chochote, na ikivunjika ni takataka. Droni: rahisi mno, kwa sababu kompyuta iliyomo ndani ndiyo inayoishika hewani, wewe unaiambia tu iende wapi. Ndege za mti wa balsa: nzuri, ila balsa, mbao nyepesi sana, ni ghali na hupasuka kwa mkono usiozoea. Tukachagua ndege ya kutupa kwa mkono, ya foamu ya milimita 5, ile inayofungashiwa vyombo vya umeme. Nyingi tuliokota bure kwenye maboksi.

Jumamosi, 1 Februari. Hatua ya kwanza: ndege ya kutupa

Vipimo, kwa anayetaka kunakili: bawa moja la sentimita 40 kwa 10, limekatwa katikati na kuunganishwa tena likiwa limepinda, kila ncha imeinuliwa sentimita 4 juu ya meza (tulitumia vitabu kama kiegemeo). Mkia wa kulala sentimita 16 kwa 6. Mkia wa kusimama sentimita 6 kwa 6. Mwili ni ufito wa mbao wa sentimita 35. Plastisini (udongo laini wa kuchezea watoto) puani, iwe uzito. Ndege ikitegwa juu ya ncha za vidole viwili, sentimita 3 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa, ilale sawa bila kuinamia pua wala mkia.

Walikuja 14: wale wawili, ndugu zao, na wanafunzi wa mwalimu mmoja aliyesikia habari.

Kosa la kwanza lilitokea dakika ya 12, na lilikuwa langu. Nilikuwa nimenunua gundi kali ya matone, ile inayoshika papo hapo, kwa sababu nilitaka tuwahi zile dakika 30. Binti mmoja akaidondosha kwenye kiungo cha bawa. Foamu ikaanza kuyeyuka mbele ya macho yetu, kama sukari kwenye chai, ikaacha shimo la kuingiza kidole gumba. Akaniangalia. Wenzake wakaniangalia. Miaka 20 najenga ndege, na jambo hili nalijua: gundi ya aina hiyo na rangi nyingi za kupuliza hula foamu ya polistireni. Ila nalijua nikiwa peke yangu mezani, si nikiwa na watoto 14 wanaopiga kelele.

Dawa: gundi nyeupe ya maji ni salama lakini hukauka polepole. Bunduki ya gundi ya moto hushika kwa nusu dakika, mradi iwe imewekwa kwenye joto la chini. Ikichemka sana nayo huyeyusha. Sasa tuna bunduki mbili, na mtu mzima mmoja kwa kila bunduki, basi. Palipotoboka tuliziba kwa kipande cha foamu na seloteipu. Ndege ya yule binti ikawa nzito bawa moja, tukamwekea plastisini kidogo kwenye ncha ya bawa la pili.

Kosa la pili: tulisahau kuwaonyesha namna ya kutupa. Mtoto huitupa ndege kama jiwe, kwa nguvu zote, pua juu. Ndege hupanda, husimama, huanguka kwa pua. Inatakiwa kusukumwa polepole, kama unayerusha mshale mdogo, pua ikitazama chini kidogo, kwenye kichwa cha mtu aliye mbali. Baada ya hapo zilianza kwenda mita 10, 12. Hapo ndipo tulipofundisha kitovu cha uzito, bila kulitaja neno lenyewe: ikipanda na kuanguka, ikipanda na kuanguka, ongeza plastisini puani, ikipiga mbizi moja kwa moja, punguza. Walielewa kabla sijamaliza sentensi, kwa kuwa ndege ilikuwa inawaambia.

Gharama: karatasi nne kubwa za foamu, vijiti 11 vya gundi, chupa moja ya gundi isiyofaa, kidole kimoja kilichoungua kidogo (changu).

Jumamosi, 15 Februari. Waliorudi na wasiorudi

Kati ya 14 walirudi wanane. Kwa hesabu za maonyesho ya Januari hilo ni kubwa, lakini nilitaka kujua kwa nini wanane na si 14. Nikapitia meza moja moja. Sita kati ya wanane walikuja na ndege iliyovunjika.

Nikawapigia simu wazazi wa wanne ambao hawakurudi. Majibu yao yalifanana: ndege ni nzima, iko juu ya kabati, aliipenda sana.

Hili lilinisumbua usingizi. Tulikuwa tumejitahidi kila mtoto aondoke na ndege inayoruka vizuri, na wale tuliofanikiwa nao ndio tuliowapoteza. Ndege nzima juu ya kabati ni kitu kilichokwisha. Ndege iliyovunjika bawa ina kazi ndani yake, na gundi iko kwetu.

Hatukuanza kuwavunjia ndege, ingawa mzee mmoja alipendekeza. Tulifanya mambo mawili. Kwanza, meza ya kona ikawa "wodi": ina gundi, seloteipu, vipande vya foamu na vijiti vya meno vya kuungia, na mtoto anaingia humo moja kwa moja akifika, bila kuuliza mtu. Pili, kila mmoja anaondoka na kadi yenye madaraja manne ambayo hawezi kuyamaliza siku moja: mita 10, mita 15, kupinda duara kamili, kurudi mkononi kwa aliyeitupa. La nne ni gumu. Mimi mwenyewe nililipata mara mbili katika majaribio 30.

Jumamosi, 1 Machi. Hatua ya pili: nguvu ya mpira

Nilianza kwa kuwasimulia habari ya Alphonse Pénaud, Mfaransa ambaye mwaka 1871, kwenye bustani ya Tuileries mjini Paris, alirusha ndege ndogo iliyosukumwa na mpira uliosokotwa. Ilikaa hewani sekunde 11 na kwenda kama mita 40. Miaka saba baadaye, kule Marekani, baba mmoja alirudi safarini na kitu cha kuchezea kilichotokana na kazi ya Pénaud, cha mianzi, karatasi na mpira, akawapa wanawe wawili. Ndio Wilbur na Orville Wright. Kilivunjika, wakatengeneza vingine.

"Kwa hiyo na wao walikuwa na wodi," mvulana mmoja akasema. Sikuwa na la kuongeza.

Watoto sasa walikuwa 11. Kazi yenyewe ilikwenda vibaya kwa muda mrefu kuliko tulivyopanga. Tulianza na mpira wa manati, kwa kuwa ndio uliokuwapo. Ni mnene mno: ukiuzungusha mara 40 unaupinda ufito wa mwili kama upinde, na propela inazunguka kwa hasira sekunde mbili kisha kimya. Tukabadili kwa rababendi nyembamba zilizofungwa mnyororo, vifundo vilikatika. Kilichofaa ni utepe mwembamba wa mpira wa modeli, wa milimita 3, kitanzi kimoja, mrefu kuliko nafasi kati ya ndoano mbili ili ulegee kidogo kabla ya kuzungushwa.

Mpira unahitaji kulainishwa, la sivyo unajisaga wenyewe na kukatika. Mwenzetu mmoja akaupaka mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini. Wiki iliyofuata mpira ulikuwa unanata na kuoza. Bidhaa za petroli huharibu mpira wa asili. Tumia mafuta ya silikoni, au mafuta ya mbarika kama ya silikoni hayapatikani.

Tatizo jingine: zote zilipinda kushoto na kuanguka. Propela ikizunguka upande mmoja, mwili wa ndege nao hutaka kujiviringisha upande wa pili. Suluhisho ni kuigeuza propela ielekee kulia kidogo na chini kidogo. Kipande cha kijiti cha kiberiti nyuma ya kishikilio cha propela kinatosha. Nilitaka kuwaambia. Nikajizuia dakika 20, na binti yule wa gundi akaligundua mwenyewe baada ya kishikilio chake kupinda kwenye ajali na ndege yake ikaanza ghafla kwenda sawa. Kabla ya saa kumi jioni kila ndege ilikuwa na kijiti cha kiberiti puani.

Gharama: propela 15 za plastiki (tatu zilivunjika), mita 20 za mpira, nusu yake zilitupwa.

Jumamosi, 15 Machi. Simuleta

Kompyuta mbili kuukuu, programu ya bure ya kujizoeza kurusha kwenye skrini, rimoti mbili zilizounganishwa kwa waya wa USB.

Tulipoteza asubuhi nzima kwenye jambo la kijinga. Wazee wetu watatu hurusha kwa modi ya kwanza, kijiti cha kulia kikiongoza nguvu ya mota. Sisi wengine kwa modi ya pili, nguvu ikiwa kushoto. Rimoti moja ilikuwa hivi, ya pili vile. Watoto waliobadilishana kompyuta walijiona wajinga, kumbe wajinga ni sisi. Amueni modi moja kwa wageni wote kabla hawajafika. Tumechagua ya pili.

Kikwazo cha kweli kwa kila anayeanza ni ndege inaporudi kumwelekea. Kulia kwake kunakuwa kushoto kwako. Maelezo hayasaidii, ila kuna ujanja wa zamani unaosaidia: bawa lililoinama, sukuma kijiti upande huohuo lilikoinamia, kana kwamba unaliwekea mhimili lisianguke. Walijaribu mara tano, sita, kisha vidole vikajua.

Tulidhani wangeganda kwenye skrini. Baada ya dakika 20 walichoka, wakarudi kutupa ndege za foamu nje. Sasa kila mmoja ana dakika 10 tu, na ni mashindano: nani atatua ndani ya duara. Masharti ya kugusa ndege ya kweli: kutua mara tatu mfululizo bila kuvunja. Mzee aliyesema vijana hawana subira alijaribu, akavunja mara nne. Sasa anafundishwa na mvulana wa miaka 12, na wote wawili wanajifanya si hivyo.

Jumamosi, 29 Machi. Hatua ya tatu: ndege ya kujifunzia

Bawa la juu, sentimita 120 kwa 20, ncha zimeinuliwa, mbao za foamu zenye karatasi pande mbili, servo (vimota vya kusogeza visukani) mbili za gramu 9, moja ya elevata, ubapa wa mkia unaopandisha na kushusha pua, na moja ya usukani wa mkia, hakuna eleroni, yaani visukani vya kwenye bawa. Mota ya aina ya 2212, ya 1000 kv (mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti). Propela ya inchi 10 kwa 4.5, kidhibiti cha kasi ya mota cha ampea 30, betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli tatu, 2200 mAh. Uzito karibu gramu 800. Kitovu cha uzito sentimita 5 hadi 6 kutoka ukingo wa mbele wa bawa. Bawa limefungwa kwa rababendi, si kwa skrubu, ili likigonga liruke badala ya kuvunjika.

Tuliwagawa 12 katika makundi matatu ya watu wanne. Kosa. Kwenye kila kundi wawili walijenga, mmoja alishika rula, wa nne akatoa simu. Mbaya zaidi, nilipoangalia vizuri, kwenye makundi mawili wasichana walikuwa wamepewa kazi ya kuchora nembo. Hakuna aliyeamua hivyo kwa sauti. Ilitokea tu, na sisi watu wazima tukapita tukisema nembo nzuri. Wiki iliyofuata mmoja hakuja. Ni yule wa gundi. Nilimpigia mama yake nikaomba radhi, nikamwambia ndege namba mbili ni ya binti yake na mwenzake mmoja, wajenge wao.

Tangu hapo ni wawili wawili, ndege sita. Inakula vifaa mara mbili na wasimamizi mara mbili. Hatujapata njia ya mkato.

Jumamosi, 12 Aprili. Sekunde tatu

Ndege namba moja ilikuwa tayari. Niliikagua mwenyewe, mbele ya watoto wote, kwa mbwembwe: betri, risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti), mota, kitovu cha uzito. Mvulana aliyeijenga akaitupa vizuri kabisa. Nikavuta kijiti kuipandisha. Ikapiga mbizi. Nikavuta zaidi. Ikaenda chini zaidi.

Elevata ilikuwa imegeuzwa. Kijiti kikivutwa nyuma, ubapa wa mkia unapaswa kuinuka, wetu ulishuka. Nilikuwa nimeona unatikisika, nikaridhika kwamba unatikisika.

Mvulana hakulia. Alikusanya vipande akavipeleka wodini, na wenzake watatu wakamfuata. Ndani ya saa moja na nusu ilikuwa nzima tena, pua ikiwa fupi kwa sentimita mbili. Nadhani siku hiyo iliwafunga kwenye klabu hii kuliko siku yoyote nyingine, lakini sipendekezi muifanye makusudi.

Sasa ukaguzi anafanya mtoto, kwa sauti, na mtu mzima anajibu. "Vuta!" "Mkia juu!" "Kulia!" "Mkia kulia!" Halafu jaribio la masafa kwa nguvu ndogo ya rimoti, halafu rimoti inazimwa kuona kama mota inakata yenyewe. Ndege isiyokaguliwa kwa sauti hairuki, hata ikiwa ya mwenyekiti.

Marekebisho mengine ya wiki hizi, kwa ufupi. Usukani wa mkia tuliuweka kwenye kijiti cha kushoto, mahali pake pa kawaida. Waliotoka kwenye simuleta, waliozoea kupinda kwa kijiti cha kulia, walichanganyikiwa. Tukauhamishia kulia. Umande wa asubuhi uliibandua karatasi ya foamu kwenye ndege mbili. Sasa tunapaka vanishi ya maji na kuzungushia seloteipu kwenye kingo zote za mbele. Magurudumu tumeyaondoa. Nyasi zilikuwa zinayashika, ndege inapinduka, propela inavunjika. Bila magurudumu inateleza kwa tumbo.

Gharama mpaka leo kwenye hatua hii: mbao 18 za foamu, propela 9, servo 2, karibu saa 130 za watu wazima.

Jumamosi, 19 Aprili. Betri

Betri moja ya lipo ilisahauliwa ikiwa imechomekwa kwenye ndege usiku kucha. Asubuhi ilikuwa imevimba kama andazi. Haikuwaka, ila ingeweza kuwaka kama mtu angeichaji.

Tumekubaliana: kuchaji ni kazi ya mtu mzima, mezani, akiwapo muda wote, juu ya kigae na si juu ya mbao. Seli haivuki volti 4.2 na hairuhusiwi kushuka chini ya 3.5 uwanjani. Za kuhifadhi zinawekwa kwenye volti 3.8 kwa seli, ndani ya sanduku la chuma. Iliyovimba haitumiki tena. Hakuna mtoto anayeondoka na betri nyumbani, hata akiomba vizuri.

Jumamosi, 26 Aprili. Mvua

Hakukuwa na kuruka. Niliwasimulia habari ya Maynard Hill, Mmarekani aliyekuwa na miaka 77 na karibu kipofu, ambaye mwaka 2003 ndege yake ya modeli ya balsa, isiyozidi kilo 5, ilivuka Atlantiki kutoka Newfoundland, Kanada, hadi Ireland. Ilichukua zaidi ya saa 38. Mafuta yalikuwa chini ya galoni moja. Majaribio ya awali yalikuwa yameshindwa, ndege zikapotea baharini.

Swali la kwanza halikuwa kuhusu bahari. "Aliziona vipi servo zake, kama haoni?" Tulishinda mchana tukijaribu kufunga skrubu kwa vidole, macho yamefungwa vitambaa.

Jumamosi, 10 Mei. Rimoti mbili

Rimoti ya mwalimu na ya mwanafunzi zimeunganishwa. Mwalimu akishikilia swichi, mwanafunzi ndiye anayeongoza. Mwalimu akiiachia, uongozi wa ndege unarudi kwake papo hapo. Kifaa bora kuliko vyote tulivyotumia mwaka huu, na pia kilichotugombanisha zaidi.

Tatizo halikuwa watoto. Mmoja wa walimu wetu, mrushaji hodari kuliko sisi wote, hakuweza kuvumilia kuona ndege ikiyumba. Ikiinama kidogo tu, anaiachia swichi na kuinyakua. Mwanafunzi wake aliruka dakika nane, na kwa hesabu yangu alishika ndege dakika moja na nusu. Tena maneno hayakatiki: "Kushoto! Si hivyo! Nimekwambia kushoto!" Mtoto alishuka akiwa na machozi, akasema mkono unamuuma.

Tulizungumza naye pembeni, kwa heshima yake. Alikasirika, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi, akasema alikuwa anasikia sauti ya mwalimu wake mwenyewe kinywani mwake. Tukapatana hivi: ndege inapandishwa mpaka mita 60 au 70 kabla mwanafunzi hajapewa, ili kosa liwe na muda wa kujirekebisha, mwalimu hainyakui mpaka ishuke chini ya mara tatu ya urefu wa mti mkubwa, na akiwa hewani anaruhusiwa maneno matatu tu, "legeza", "pinda" na "yangu". "Legeza" ndilo linalotumika zaidi. Ndege ya kujifunzia yenye mabawa yaliyoinuliwa hujinyoosha yenyewe ukiacha vijiti. Wengi huanguka kwa kusahihisha kupita kiasi.

Tunaruka saa moja hadi saa tatu asubuhi, upepo ukiwa bado umelala. Mara mbili tulijaribu mchana kwa kuwa wazazi walichelewa, na mara zote mbili tulikusanya vipande.

Jumamosi, 24 Mei. Ugomvi wa droni

Wavulana watatu walikuja na droni ndogo. Nusu ya klabu ilitaka wafukuzwe, eti hiyo si kurusha, ni kubonyeza. Nami nilikuwa na mawazo hayo Januari, yameandikwa hapo juu.

Tukawapa saa ya mwisho, baada ya ndege zote kutua. Mmoja alizima msaada wa kompyuta wa kuinyoosha droni yake yenyewe na kuirusha kwa mkono mtupu, jambo ambalo hakuna mzee hata mmoja kati yetu angeliweza. Wawili kati yao sasa wanajenga ndege ya bawa. Wa tatu hataki, na bado anakuja kutulehemia nyaya.

Hapo pia tuliketi na wazazi kuhusu sheria. Nchi nyingi hutaka modeli inayozidi gramu 250, au mrushaji wake, isajiliwe, na hazikubali kuvuka mita 120 juu ya ardhi; ndege isitoke machoni pa mrushaji. Someni za kwenu kabla ya kualika mtoto. Kwetu pia ni sharti mzazi atie sahihi, na watu wazima wasipungue wawili muda wote.

Jumamosi, 14 Juni. Hesabu

Watoto 13 wanakuja bila kupigiwa simu. Watano wanaruka na kutua peke yao. Wanne wamemaliza kadi ya foamu mpaka daraja la kurudi mkononi, mmoja wao kwa kuikimbilia ndege mita sita, tukamkubalia baada ya mabishano. Kati ya wale 34 wa maonyesho, waliobaki ni wawili, walewale waliorudi Jumamosi ya kwanza.

Tangu Februari: propela 31, servo 7, betri 2, mota 1 iliyoingia mchanga, mbao 40 za foamu, na Jumamosi 20 za watu wazima wanane. Wake zetu na waume zetu nao wahesabiwe.

Binti wa gundi alitua peke yake leo, saa mbili kasoro, kwa mara ya kwanza, mita tatu kutoka miguuni mwake. Hakushangilia. Aliichukua ndege, akaigeuza, akaona ufa kwenye mkia, akaenda nayo wodini. Nilipompita alikuwa anamwonyesha mgeni wa miaka tisa jinsi ya kujaribu gundi kwenye kipande cha kutupa kwanza, kabla ya kuidondosha kwenye bawa.

Kazi za Jumamosi ijayo: kukata foamu ya wageni watano, kubadili servo ya ndege namba nne inayotetemeka, na kutafuta chupa ya tatu ya gundi nyeupe, kwa sababu mbili zimekwisha.